Bei ya Birika

Lilianza birika. Lilitoboka kitako
wiki ya mitihani ya Nuswe, maji yakazima jiko,
nikalishika mkononi nikitafuta pa kulitupa,
kisha nikawaza: tundu ndilo ninalolitaka.
Kopo la maua watu hulitoboa kwa msumari;
hili limejitoboa lenyewe, bila fundi wala ada.
Nikalijaza udongo, nikachomeka mrehani.

Ua wangu hapa Kisukulu ni hatua kumi na mbili
toka mlango wa jikoni hadi ukuta wa Mama Tumsifu,
na tatu kati ya hizo zimeliwa na karo la kufulia.
Kule barabarani wanakouza miche na vyungu
niliuliza bei ya chungu kimoja, kile kidogo.
Nikashukuru.
Nikarudi na pochi yangu kama ilivyokwenda.

Tangu hapo natazama vitu vibovu
kwa jicho la mama mkwe: huyu anaweza nini?
Beseni lililopasuka, nililomwogeshea Nuswe,
linalea mchaichai.
Tairi la teksi ya Ambakisye, Mungu amrehemu,
limekwenda Kariakoo na kurudi mara zisizo na hesabu;
nimelipaka chokaa, nimelilaza, nimelipa mwasumini.
Apumzike na yeye.
Chupa za soda nimezizika vichwa chini,
matako juu, mstari mmoja hadi bombani,
na jua la saa tatu likizipitia
mchanga unapata madoa ya kijani yanayotembea.
Wavu wa feni iliyoungua usiku ule
umeme uliporudi kwa kishindo
sasa unapandwa na mpesheni, ambao unazunguka
polepole sana, na hauniletei bili.

Sahani za harusi zilivunjika mbili.
Nilizitunza kabatini miaka ishirini
kwa ajili ya wageni wa heshima, hawakutokea.
Vipande nimevigandisha kwa saruji kwenye kizingiti,
na sasa kila mgeni anaanza kwa kuzikanyaga.

Mama Tumsifu akachungulia juu ya ukuta:
"Wenzio wanatoa takataka nje,
wewe unazimwagilia?"
Nikamkatia mchaichai. Kesho yake alirudi kuomba tena,
na ukuta haukusema kitu.

Jumamosi hupita Chipande na guta lake.
Kipaza sauti kina sauti ya mtu mwingine kabisa:
vyuma chakavu, masufuria mabovu, betri, nondo.
Akasimama getini, akaupima ua wangu kwa macho,
midomo ikijumlisha.
"Mama, hapa una kilo saba na ushee.
Wavu huo nakupa mia nane. Birika, elfu."
Nikamwambia birika lina mpangaji.
"Analipa kodi?"
Nikachuma jani moja, nikalisugua vidoleni,
nikamnyooshea mkono kupitia nondo za geti.
Akanusa. Akanusa tena, macho kayafumba,
na nyuma yake kile kipaza sauti
kikaendelea kununua peke yake.

Wiki iliyofuata alileta rimu ya baiskeli ya mtoto,
imepinda kama chapati iliyogeuzwa vibaya.
"Hii mizani yangu inaidharau," alisema,
"ila niliona una ukuta mtupu pale."
Sikuwa na hela ya kumpa na hakuitaka.
Nilimpandia kitawi cha mrehani kwenye kopo la maziwa,
akalifunga kwa mpira kwenye usukani,
akaondoka akiendesha kwa adabu,
akikwepa mashimo ambayo zamani aliyavamia.

Sijui kama kilishika.
Leo guta limepita mbio, mvua ilikuwa inanukia,
sikuwahi kufika getini.
Nimebaki nimesimama katikati ya ua
na sufuria lisilo na mpini, jeusi, zito,
nikilipima kwa jicho kama mfanyabiashara:
pilipili, au vitunguu vya majani?