Chungu cha Ipole

Arumugam alipostaafu uhasibu wa reli, Tabora,
hakurudi kwao. Alihesabu mabehewa miaka thelathini na mmoja
kisha akaja huku Sikonge kuhesabu mizinga yetu,
miwani imefungwa kwa uzi, daftari kwapani.

Msidhani alikuwa mtu wa hekima.
Alikuwa mtu wa risiti.

Mweka hazina wa ushirika alikuwa Mihambo,
na kabla ya Mihambo, shemeji yake Mihambo.
Asali iliingia ghalani ndoo ishirini, ikatoka kumi na nne.
"Imeruka," alisema Mihambo,
kama kwamba asali ni shati lililofuliwa.

Ndipo Arumugam akatusimulia: zama za wafalme wa Chola,
wenye tembo wa vita na merikebu za kuvuka bahari,
kijiji kimoja kilichonga sheria zake ukutani, kwenye mawe.
Majina yaandikwe kwenye majani ya mvumo, yatiwe chunguni,
mtoto asiyejua kusoma achomoe moja.
Aliyeshika mali ya wote asitoe hesabu
asiandikwe; wala mwanawe, wala mjomba, wala shemeji.

Kwenye "shemeji" mkutano mzima ukageuka.

"Na mfalme alikubali?" akauliza Mihambo.
"Mfalme alikuwa mbali, anapigana. Hesabu ilikuwa karibu."

Akaghani beti za kwao alizofundishwa na mamaye,
mistari miwili, maneno saba, basi.
Kitamil hatukijui. Tuliusikia ufupi wake tu:
mwiba wa nyuki nao ni mfupi,
haukuumbwa kupamba.

Mvumo hatuna. Tukaandika kwenye magome ya myombo,
yaleyale ya mizinga, kwa mkaa.
Chungu kilikuwa cha mama Nyanzala, bado kinanuka mlenda.
Nshoma, miaka mitano, kamasi puani,
akazamisha mkono hadi kwapa
akatoa gome, akalishika juu chini.

Kalunde. Jina langu.

Vigelegele. Mtu akanifunga kanga kiunoni.
Nami nikaukumbuka mwaka wa ukame,
funguo za ghala zikining'inia kwenye mkanda wa Magoke,
kaka wa mama yangu, marehemu sasa,
na bati jipya juu ya nyumba tuliyolala.
Nani mwingine anakumbuka?

Arumugam hakuniangalia.
Alikuwa amelaza daftari magotini,
kidole juu ya mwaka uleule, amenyamaza.

Nikasema neno moja: mjomba.

Vigelegele vikakatika.
Nshoma akarudisha mkono chunguni.