Laleni Kama Mlalavyo

Dukani Makupa, adhuhuri, feni imekufa,
tumevua viatu mbele za watu
kana kwamba twaingia msikitini,
mimi na Mselem, miaka ishirini na sita ya ndoa,
tumesimama kando ya godoro lisilo shuka
tukioneana haya.

"Laleni," asema Kadzo, binti wa duka.
"Laleni kama mlalavyo nyumbani."

Yeye akalala chali, mikono kifuani,
maiti angojaye sanda.
Mimi nikakaa ukingoni, mkoba mapajani.
"Mama, huko ni kungoja daktari," Kadzo akacheka.

Kila mmoja alikuja na lake.
Mselem kakulia Kuze, kitanda cha kamba,
mkeka juu yake, basi;
mgongo wake, asema, wataka kitu kinachoukatalia.
Mimi nyanya yangu alinilaza juu ya sufi.
Kila Shaabani tulilifumua godoro, tukachambua kokwa,
tukaianika sufi juani, tukaichapa fimbo,
na usiku likanimeza kama uji umezavyo sukari.
Mwili wangu haujasahau kumezwa.

Sponji letu la nyumbani halijamridhisha yeyote.
Limefanya bonde katikati;
mzito hutangulia, mwepesi humfuata.
Naye yu zamu ya usiku bandarini Kilindini.
Akirudi alfajiri, akikaa tu avue soksi,
mimi narushwa kama chapati.

"Hili ni mpira, utomvu wa mti. Bonyeza."
Nikabonyeza. Alama ya kiganja ikainuka, ikafutika,
kama ambaye hajawahi kuguswa.
Nimezaa mara nne. Nikalionea wivu kidogo.

"Lina vitundu, lapumua. Kaskazi halitawachoma."
Mselem akainama, akavichungulia kimoja kimoja
kama mwenye kesi na kunguni.

"Haya, mwalala vipi? Ubavu? Chali?"

"Mimi chali," akasema. "Sijitikisi mpaka kuche."

Uongo! Siku zake za mapumziko namwona.
Huanza chali, kweli, kama hapa,
lakini saa sita ikipita humgeukia ukuta,
goti tumboni, bega lote chini,
mkono ukifa ganzi ausugua usingizini
na kumtukana mtu aitwaye Chitsao
ambaye mimi simjui.
Nikayasema yote, mbele ya Kadzo.

Mselem akanyamaza. Kisha, akiitazama dari:
"Na huyu ataka laini. Laini ndiyo imuumayo kiuno.
Nikirudi zamu namkuta sakafuni, juu ya mkeka.
Simwamshi. Namfunika."

Nilijua mkeka. Funiko sikulijua.
Miaka yote nilidhani shuka lashuka lenyewe.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake,
wahenga walisema, wakaishia hapo.
Na ukilaliacho?
Muulize mwenzio. Wewe hukuwapo, ulikuwa umelala.

Kadzo akafuta alichoandika.
Nusu laini, ya baba. Nusu ngumu, ya mama.
Foronya moja kubwa, zipu kuizunguka.
Bei tuliivuta mpaka jasho likatutoka sote,
akatuongezea mito miwili asikie amani.

Mkokoteni ukaleta, ngazi zetu zikakataa;
wachukuzi wakalipinda, likapindika,
wakazitukana ngazi na aliyezijenga.
Chumba kizima kikanuka malapa mapya.

Usiku wa kwanza nililala peke yangu,
kidole kikifuata ule mshono wa katikati
kama mtu asiye na nauli akiutazama ng'ambo wa Likoni.

Alfajiri akarudi. Nasikia alikaa. Nasikia alivua soksi.
Mimi sikujua lolote.
Saa moja nikaamka kwa jua, kiuno kizima,
nikamkuta huko kwake, goti tumboni, uso ukutani,
Chitsao kasamehewa,

nami nikatamani, kidogo tu, nisivyotarajia,
kurushwa.