Kamba ya paji

Karatasi aliyoituma Cirhuza kutoka Mechelen
nimeibandika ukutani kwa uji wa muhogo,
maneno marefu kama kona za kupandia Kadutu.
Nayakata kwa makaa:
zie – ken – huis, nyumba ya wagonjwa,
hand – schoen, kiatu cha mkono, eti ndiyo glavu.
Val – kuil ni shimo la mtego. Sogeza kisu herufi moja,
shimo linaota mabawa: valk – uil,
kozi na bundi.
Snel, kwao, ni haraka.
Kwetu SNEL ni umeme, na taa haijarudi tangu juzi.

Kukata nimeweza. Kilichonishinda ni uzito.
Ulimi wangu huteremka mpaka silabi ya pili kutoka mwisho
na kuketi hapo, kama mzee wa nyumba kwenye kiti chake.
Mwana akikutana na maji
humwachia mwenzake mzigo: mwanamaji.
Kwao wa kwanza ndiye hubeba,
wa nyuma anafuata mikono mitupu.
Usiku mzima nilisema ziekenHUIS, ziekenHUIS,
Ansima akicheka chini ya blanketi.

Asubuhi mvua ilipokatika nikamwona mama
akipanda kutoka bandarini, utelezi mtupu,
gunia la muhogo mgongoni.
Kamba hiyo ilitulea sisi sita,
na sikuwahi kuitazama:
imepita kwenye paji la uso,
na ni paji linalovuta yote,
mishipa imesimama,
gunia linafuata tu.
Nikasema kwa hatua zake, polepole,
ZIEkenhuis. HANDschoen.
Akasimama. “Unamwita nani?”
“Hakuna, mama. Nasoma.”
“Basi pokea hili, usomee kwa mgongo.”

Jioni Cirhuza alipiga. Nikamsomea orodha nzima,
sikujikwaa hata mara moja.
“Barabara!” akasema,
lakini mkazo aliuweka mwanzoni kabisa,
neno likawa si njia, wala si sawasawa,
likaning’inia kati yetu.
Miaka saba ni mingi kwa mdomo.
Nikanyamaza. Yeye akaendelea, mwenye furaha:
“Nipe mtoto. Yuko wapi ÁNsima?”

Mtoto akageuka, akatazama mlangoni
kuona ni nani anayeitwa.