Mizani ya Chumvi

Kila Alhamisi napima visima kumi na kimoja,
kutoka Langoni hadi nyuma ya Mkomani,
kwa kijiti cha betri nilichoazimwa na ofisi ya maji
na daftari la mwanangu la darasa la tano;
kurasa za mwanzo bado zina hesabu za kuzidisha.

Kisima cha Mwana Rukiya: mia tisa na thelathini.
Mwaka juzi kilikuwa mia nne na ushei.
Cha msikitini sikitaji kwa sauti.
Watu wanasukutua, wanatema upesi,
wanalaumu bomba.

Barazani kwa Ami Shekuwe kuna kahawa na kuna hukumu.
Alikuwa karani wa forodha miaka thelathini,
hajapata kuamini mzigo asioufungua mwenyewe.
Akiona kijiti changu hukohoa, akatunga papo hapo:

*Bahari hupwa hujaa, tangu kale twaiona,*
*Jua huwaka hung'aa, kwa apendavyo Rabana,*
*Mbona leo mwashangaa, kama mlozawa jana?*
*Punda hawatoi moshi, sisi tumekosa nini?*

Watu wakacheka mpaka vikombe vikagongana.
Kituo akakirudia kwa kupaza sauti,
maana jenereta ya friza yake ilinguruma nyuma ya mlango
na moshi wake ukitoka kwa adabu, kidirisha cha juu.
Hakuna aliyegeuka.

Mimi sijui kutunga.
Yeye ana vina. Mimi nina kina:
mita sita na nusu kutoka ukingo hadi maji.
Mia tisa na thelathini. Ihesabu.
Mizani tisa. Haiingii katika kipande cha nane
hata uikate wapi;
imezidi moja, na hiyo moja ndiyo ninayoionja.

Naye hakungoja nimalize:

*Wazungu watupimia, joto la kwao la mbali,*
*Na karatasi hutia, namba zisizo asili,*
*Kesho watatuuzia, mwavuli wa jua kali,*
*Punda hawatoi moshi, sisi tumekosa nini?*

Kisha Lali, fundi chokaa, ambaye hakuwa akicheka,
akaniuliza taratibu:
Hicho kijiti, dada, kinasema ni mkono wa nani?
Nikasema hapana. Kinasema kiasi tu.
Basi, likapita hilo, kahawa ikamiminwa.

Ningewaambia kwamba wapo wanaoipima hewa
kama mimi ninavyopima maji, mwaka baada ya mwaka,
na kwamba mkono wanaujua, ni wetu sisi wanadamu,
wengine vidole viwili, wengine ngumi nzima.
Lakini sentensi ndefu barazani
ni kama mgeni asiyepishwa mahali pa kukaa.

Usiku huo nikapita kichochoro cha nyuma.
Kijana wa Shela alikuwa anashusha madumu manne
mlangoni kwa Ami Shekuwe.
Ya chai tu, akaninong'oneza, kama niliyemuuliza.
Ami akatokea na kurunzi, noti mkononi.
Tukatazamana.
"Na hili unaliandika?"
"Daftari langu halina safu yake, Ami."
Punda akasimama kimya. Hakutoa moshi.

Alhamisi iliyofuata nilikuta karatasi
imesukumwa chini ya mlango wangu,
hati ya karani, kila herufi imenyooka:

*Nimeonja ya kisima, ulimi umenikana,*
*Chai nilipoitema, mke wangu aliona,*
*Sasa nataka kusema, maneno yanabanana,*
*..............................................*

Na chini, kwa kalamu ya risasi:
Kituo sijakipata. Ukikipata wewe, usinisomee barazani.

Nikaiweka ndani ya daftari, nikatoka na kijiti.
Kwa Mwana Rukiya kamba ililoa hadi kiwikoni.
Mia tisa na arobaini.
Nikahesabu kwa vidole.
Kumi.