Gia ya Pili

Namba ya chesisi niliikuta chini ya kutu.
Nikaisugua kwa mswaki na mafuta ya taa
hadi tarakimu zikatoka mojamoja
kama watoto walioitwa kuoga.
Nikaiandika nyuma ya risiti ya mkate,
nikapanda basi hadi ofisi ya usajili, Trieste,
dirisha la nne, kwa bibi mwenye miwani ya kamba.
Nikalipa. Nikangoja siku kumi na tisa.

Ikaja karatasi, kurasa mbili.
Miaka sitini na sita ya Lancia ya kijivu,
kurasa mbili, na ya pili nusu tupu.

Wa kwanza: Egidio Marsich, daktari wa meno,
Aprili 1958, fedha taslimu.
Mjukuu wake alinitumia picha: milango yote wazi,
ya mbele huku, ya nyuma kule, bila nguzo kati,
gari limeachama kama mgonjwa wake,
naye kakanyaga bampa, anacheka
kwa meno mabaya kuliko yangu.

Wa pili: Ottavia, mkewe, kwa urithi.
Miezi mitatu, akauza.
Nani akae na kiti kinachonuka tumbaku ya marehemu?

Wa tatu: Bruna Pahor, mpanga magunia
katika ghala la kahawa bandarini.
Hapo karatasi inapiga kwata mahali pamoja:
Bruna, ushuru umelipwa. Bruna, umelipwa.
Miaka kumi na mmoja.
Na idara ya leseni ikanijibu kwa barua
kuwa mwanamke huyo hakuwahi kuomba
hata ruhusa ya kujifunza.

Gari halijiendeshi.

Nikang'oa kiti cha nyuma.
Chini yake sanduku la bati, si la kiwandani,
limechomelewa na mkono mwepesi,
refu kama jeneza la paka,
na pembeni mwake punje za kahawa, kumi na nne.
Nilizinusa. Hazikunuka kitu.
Nikazinusa tena.

Fundi mmoja akanitajia fundi, huyo akanitajia kaburi,
na jirani wa kaburi akanielekeza Opicina,
juu kwenye uwanda wa mawe,
kwa Zvonko Škabar, miaka themanini na minane,
anayepasua kuni kwa kofia ya sufi.
Aliitazama picha.
"Halikuwa langu," akasema, kabla sijauliza.

Kila Jumamosi, mpakani Fernetti.
Kahawa kwenda, nyama kurudi.
Bruna kando yake, skafu ya kijani, mkoba mapajani;
mlinzi akiinama dirishani, Bruna humpa keki ya walnati
na kumuuliza hali ya mama yake.
"Mlikuwa nani kwa nani?" nikauliza.
"Mimi nilikuwa dereva."
Akaliweka shoka chini, akainua mikono,
akashika usukani usiokuwepo.
"Gia ya pili hugoma asubuhi za baridi.
Usiilazimishe. Hesabu hadi nne.
Yeye ndiye aliyekuwa akihesabu."

Sikuwa nimemwambia mtu kuhusu gia ya pili.

Waliobaki ni wepesi: padri wa Muggia,
kisha Walter Cernigoi, aliyefuga kuku ndani yake,
manyoya mpaka kwenye kabureta.
Kisha mimi.

Kwenye fomu, chini ya "wamiliki waliotangulia",
nililiandika jina la Zvonko pembeni, kwa kalamu.
Bibi wa dirisha la nne akachukua rula,
akalikata kwa mstari ulionyooka vizuri sana.
Sikubishana. Sheria ni sheria,
na mzee mwenyewe alishakana.

Leo Januari, upepo wa bora unapiga mabati.
Nimewasha. Limekohoa, limekubali.
Gia ya kwanza, sawa.
Ya pili imekataa.

Moja, nasema, na kiti cha kando kitupu.
Mbili.