Bei ya Kokochi

Dakika mia moja na kumi na mbili.
Ndizo nilizoandika, kwa kuwa ndizo zilizokwenda.
Ngiri ya Mzee Bwanakai wa Mtongwe
jedwali la bima limeipa dakika arubaini na tano,
siku mbili za kitanda, na kiasi kimoja cha pesa
kisichouliza nani alishika kisu.

Alishika Mbodze, mwezi wake wa tatu chumba cha upasuaji.
Daktari Mwanahalima alisimama ubavuni pake
mikono nyuma, kama mpishi anayemwachia mwanawe chungu:
Fungua. Sivyo. Anza tena.
Lile "anza tena" lina dakika ishirini ndani yake,
lina pakiti mbili za uzi, lina dawa ya usingizi,
lina chakula cha mchana cha muuguzi Saumu, kilichopoa.
Safu ya "anza tena" nimeitafuta.
Fomu ina kurasa nne.

Mimi ni karani wa madai, orofa ya pili,
dirisha langu latazama maegesho na kipande cha Tononoka.
Nageuza watu kuwa nambari
zitakazokubalika Nairobi.
Wahenga walisema mwanzo kokochi, mwisho nazi.
Bima hununua nazi, tena iliyokwisha kufuliwa.

Jumatatu dai limerudi: MUDA UMEZIDI.
Mkurugenzi akaniita. Hakupaza sauti.
Alisema kuna kliniki Nyali isiyomfundisha mtu yeyote,
hulipwa sawasawa na sisi,
na saa nne asubuhi imeshafua mashuka.
Alisema, labda wanafunzi wawe wanatazama tu.

Watazame.

Mkono wangu ukashuka wenyewe hadi tumboni, upande wa kulia.
Hapo pana kovu la kidole tumbo,
limepinda kama saini ya mtu aliyesukumwa kiwiko.
Nilikuwa na miaka kumi na minane. Nakumbuka, kabla ya usingizi,
msichana mwembamba, miwani ikimteleza kwa jasho,
na nyuma yake sauti ya mtu mzima: Usiwe na haraka.
Msichana yule ndiye Daktari Mwanahalima.
Sijamwambia. Hawezi kukumbuka matumbo yote.

Dai nimelituma mara ya pili.
Kisanduku cha maelezo hakipokei zaidi ya herufi sitini.
Nikaandika: Mkono ulikuwa unajifunza.
Jibu lilifika chai ikali moto:
SABABU HAITAMBULIKI.

Jioni, nikifunga ofisi, naliona benchi la nje
alipokaa Mbodze mchana kungoja sahihi yangu.
Mkono wa benchi una uzi mweusi, fundo juu ya fundo.
Nimehesabu thelathini na moja.
Ya mwanzo yanalegea ukiyagusa.
La mwisho nimelijaribu kwa ukucha,
kisha kwa ufunguo.