Kreti ya Zabibu

Malkhaz alinigongea saa nane za usiku
amebeba kapu la mkate, na ndani ya kapu, Pitna.
Kwetu jina hilo ni mnanaa.
Kilo tatu. Paka wangu amemzidi.

Februari, Alvani imelala. Wachungaji wameshuka na kondoo,
milima imefungwa kwa theluji,
mbwa wao wakubwa wanazurura nyuani bila kazi.

"Siku ya ngapi?" nikauliza.
"Sitini na mbili. Anasukuma tangu jioni, Eteri,
hakitoki kitu ila maji ya kijani."
Rangi hiyo naijua. Nikawasha taa zote.
"Na baba yao?"
Akatazama viatu vyake.

Lomia.

Lomia nilimshona sikio mwaka ule wa mbwamwitu:
kilo sitini na tano, kichwa kama sufuria ya harusi.
Nikauliza walifikianaje hao wawili,
maana hapo hata ngamia na tundu la sindano
wangeonana aibu.
"Nilimsimamisha juu ya kreti ya zabibu," akasema,
"nikamshika."

Akamshika.

Kuna mtu Tbilisi, akaeleza, nami nanyoa tumbo,
anataka mbwa wa kupakata
mwenye moyo wa kumkabili mbwamwitu.
Lari elfu mbili kwa kila kichwa.
Basi Malkhaz akachota ukali huku, udogo kule,
kama mtu anayezimua divai kwa maji,
akidhani mimba husikiliza bei.

Sikumjibu. Mikono ilikuwa kazini.
Ningemwambia: ungegeuza basi,
mama akawa yule mkubwa na baba huyu kibeti,
angalau tumbo lingekuwa na nafasi ya kosa lako.
Mtoto hakui kwa kupima mlango.
Na mfupa wa nyonga, Malkhaz, haujui kusogea kidogo
mgeni apite.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi,
na mzazi huyu alikuwa ananiramba glavu.

Walikuwa watatu.
Wa kwanza amekwama njiani, amekufa, kichwa kimeziba,
na nyuma yake wenzake
kwenye foleni isiyosogea.
Wa pili alipumua mara mbili.
Nilimsugua kwa taulo mpaka saa ya ukutani ikanichosha.
Wa tatu akalia.

Malkhaz alikuwa sakafuni, kofia ya sufu mikononi.
"Mmoja," akasema. Kisha tena, "Mmoja."
Sikujua anahesabu fedha au anasali.

Kizazi nilikitoa. Ruhusa sikuomba.
Nilichoomba ni ile kreti, na asubuhi niliipasua kuni.

Mei nikapita kwao, kabla hawajapanda mlimani.
Mtu wa Tbilisi alishafika, akatazama, akaondoka:
mtoto ana kilo tisa na bado yuko njiani,
makucha ya baba, masikio ya mama,
na anamwogopa jogoo.

Tukiwa tunakunywa chai radi ikapiga.
Yule mtoto akakimbia uwanja mzima
kujificha chini ya mama yake.
Iliingia pua tu.
Pitna hakumfukuza. Alijiinua juu ya ncha za vidole,
miguu inatetemeka, mgongo ameukunja kama upinde,
akitafuta urefu
ambao safari hii hakuna aliyemwekea kreti.